Maji ya Kisima Yanahitaji Shahidi Mwadilifu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyajaalia maji kuwa uhai wa viumbe na twahara ya waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Safu yetu ya wiki hii inahusu swali ambalo huulizwa mara kwa mara baada ya darsa, na aghlabu waulizaji ni akina mama. Maji ya kisima yakiwa maangavu, hayana harufu wala ladha ngeni, je, yanatosha kwa udhu? Na yakitosha kwa udhu, je, yanafaa kumkorogea mtoto mchanga maziwa? Wengi huyachukulia maswali haya kuwa ni moja. Sisi tunaona kuwa ni mawili, na kwamba kuyachanganya kunaweza kuleta msiba nyumbani.

Tuanze na hali ya kisiwa chetu. Mombasa haina mto wala ziwa lake. Maji ya bomba tunayoyatumia hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, ambazo bomba lake lilikamilika mwaka 1957, chemchemi za Marere upande wa Shimba, visima vya Tiwi, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Maji hayo hayatutoshi, ndiyo maana huja kwa zamu. Siku yasipokuja, watu hurejea kwenye visima. Katika Mji wa Kale visima hivyo vipo misikitini na katika nyua za nyumba kongwe. Baadhi yake ni wakfu wa wazee waliotangulia mbele ya haki, nasi tunawaombea thawabu yake isikatike.

Chini ya miguu yetu ni mwamba wa matumbawe ya kale, wenye matundu na mianya. Mvua inyeshapo, maji hupenya upesi katika mwamba huo, kisha huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Wataalamu wana kipimo chao: kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban futi 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Basi anayevuta maji kwa pupa, akashusha futi moja tu ya juu, anaikaribisha chumvi kupanda kwa wingi kutoka chini. Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walichimba kisima ndani ya ngome hiyo wakapata maji ya chumvi, wakawa na haja ya birika la kukinga maji ya mvua.

Chumvi, hata hivyo, humjulisha mtu kuwa ipo, kwani ulimi huitambua. Lililo zito zaidi ni lile ambalo ulimi haulijui. Sehemu kubwa ya nyumba za Mombasa hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Zina mashimo ya vyoo na matangi yanayomwaga maji yake ardhini, katika mwamba uleule unaotupa maji ya kisima. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambako nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta, shimo la jirani mmoja linaweza kuwa hatua chache tu kutoka kisima cha jirani mwingine. Ng'ambo ya kisiwa, huko Kisauni, watafiti wakiongozwa na Daniel Munga wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, walivichunguza visima vya wakaazi na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006. Walikuta bakteria watokanao na kinyesi katika visima vingi, hasa penye msongamano wa nyumba na vyoo vya mashimo. Mwamba wa Kisauni na wa kisiwani ni wa jamii moja, na desturi zetu za ujenzi hazitofautiani sana.

Sasa turejee kwenye lile swali. Sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kila aliyepita madrasa anaijua hukumu ya kula mbili. Maji yaliyofikia kiasi hicho, ambacho baadhi ya wanazuoni wa leo wamekikadiria kuwa kama lita 200, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yageuke rangi, ladha au harufu. Kisima kwa kawaida kina maji zaidi ya hayo. Kwa hivyo udhu wa maji ya kisima yasiyogeuka ni sahihi, na wala hatutaki mtu yeyote aingiwe na wasiwasi wa kurudia swala zake.

Lakini hukumu hiyo inajibu swali la ibada. Haikuwekwa ili kumwambia mama kama maji yatamwendesha mtoto wake tumbo. Wala hili si jambo geni katika vitabu vyetu. Katika mtungo wa Abu Shujaa, ambao watoto wetu huusoma, maji yamegawanywa mafungu, na mojawapo ni maji yaliyo twahara na yenye kutwaharisha lakini ni makuruhu kuyatumia: maji yaliyopata moto wa jua katika chombo cha madini. Sababu waliyoitaja wanazuoni ni kuchelea madhara ya mwili. Wamekhitilafiana juu ya hukumu yenyewe, ila fundisho limebaki pale pale, kwamba maji yanaweza kuwa twahara kisharia, na bado mwenye busara akajiepusha nayo kwa ajili ya afya yake.

Mfano mashuhuri wa jambo hili ulitokea London mwaka 1854, katika mtaa wa Soho. Kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika majuma machache. Daktari John Snow alifuatilia nyumba za waliokufa, akaona kwamba wengi wao walikunywa maji ya bomba moja la mkono katika barabara iliyoitwa Broad Street. Maji hayo yalipendwa na watu kwa uzuri wake. Baadaye ilibainika kwamba mama mmoja, ambaye mtoto wake mchanga alikuwa akiharisha, alifua nepi na kuyamwaga maji katika shimo la nyumba yake, na shimo hilo lilikuwa likivuja karibu kabisa na kisima. Mama yule hakuwa mzembe. Alifanya kila ambalo mama yeyote angelifanya, na hapakuwa na mtu wa kumwambia nini kilikuwa kikipita chini ya sakafu yake.

Liko na jambo jingine ambalo akina mama wanapaswa kulijua. Kinyesi kikioza ardhini huacha kitu kinachoitwa naitreti, ambacho huyeyuka katika maji na kusafiri nayo. Nacho hakina rangi, ladha wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji, na kikomo hicho kimewekwa hasa kwa ajili ya watoto wanaonyweshwa maziwa ya chupa. Mtoto wa chini ya miezi 6 akinywa naitreti nyingi, damu yake hushindwa kubeba hewa sawasawa, na ngozi yake huweza kugeuka rangi ya samawati. Kuchemsha maji huua vijidudu, nasi tunasisitiza maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu. Ila kuchemsha hakuondoi naitreti wala chumvi. Mvuke huondoka, naitreti hubaki, na kadiri unavyoendelea kuchemsha ndivyo inavyozidi kukolea. Maziwa ya mama, ambayo Mola wetu ameyaagiza kwa mtoto, ndiyo kinga bora katika miezi hiyo.

Ikiwa macho, pua na ulimi havitoshi, basi tunahitaji kipimo cha maabara. Na hapa ndipo panapotokea kosa kubwa. Watu hudhani kwamba kupima maji ni kuchota kwenye chupa ya soda, kuifunga na kuipeleka mjini itakapopatikana nafasi. Maabara itapima kilichomo ndani ya chupa ile na kutoa karatasi yenye mhuri. Lakini je, kilichomo kwenye chupa ndicho kilichomo ardhini?

Wasomaji wetu wanajua jinsi wanazuoni wa hadithi walivyofanya kazi yao. Hawakupokea maneno kwa sababu tu yanapendeza. Waliuliza: nani amekupa habari hii, naye aliipata kwa nani, je, ni mwadilifu, ana hifadhi nzuri, na mnyororo wa wapokezi haukukatika mahali? Sampuli ya maji nayo ni habari inayotoka chini ya ardhi, na inahitaji isnadi yake. Tutaitaja kwa ufupi ili kila kamati ya msikiti iweze kumuuliza mpimaji maswali yanayofaa.

Kwanza ni chupa. Kwa kipimo cha bakteria, chupa hutoka maabara ikiwa imetakaswa kwa joto na kufungwa. Haisuuzwi, na kidole hakigusi mdomo wake wala ndani ya kifuniko. Ikiwa kisima kilitiwa klorini, chupa huwekwa dawa ya kuizima klorini hiyo. Bila dawa hiyo klorini itaendelea kuua bakteria njiani, na maabara itatoa cheti cha usafi kwa maji yasiyostahiki.

Pili ni namna ya kuchota. Kisima chenye pampu na mfereji, mpira wowote ulioungwa huondolewa, mdomo wa mfereji husafishwa, na maji huachwa yatiririke kwa dakika chache kabla ya kukinga. Kisima cha wazi, chupa hufungiwa uzito safi na kamba safi ikateremshwa mpaka chini ya uso wa maji, bila kugusa kuta. Ndoo ya kila siku haifai kwa kazi hii. Ndoo iliyowekwa sakafuni, ikashikwa na mikono kumi, itatoa ushahidi juu ya mikono hiyo na sakafu hiyo.

Tatu ni safari. Chupa huandikwa mahali, tarehe, saa na jina la mchotaji wakati huo huo, si baada ya kufika. Huwekwa katika sanduku la barafu, mbali na jua, na inapendeza ifike maabara ndani ya saa 6, na isipite saa 24. Kila anayeipokea hutia saini. Wapimaji makini huchukua chupa mbili kutoka kisima kimoja ili walinganishe, na hubeba nyingine yenye maji yaliyotakaswa, isiyochotewa kisimani, ili kuona kama safari yenyewe imeingiza uchafu. Hiyo ni kama habari iliyopokewa kwa njia zaidi ya moja.

Nne ni wakati. Kwenye kisiwa cha matumbawe, maji ya visima vilivyo karibu na bahari hupanda na kushuka pamoja na kujaa na kupwa. Kisima kilichochotwa wakati wa bamvua na kilichochotwa wakati wa maji mafu huenda visitoe habari moja. Mvua za masika nazo husukuma uchafu wa mashimo kuelekea visimani. Kwa hivyo kipimo kimoja cha mwezi wa Januari, siku za kaskazi kavu, hakimpi mtu haki ya kulala usingizi hadi Januari nyingine. Walau vipimwe mara mbili, wakati wa kiangazi na baada ya masika, na hali ya bahari iandikwe.

Hata hivyo, kisima kinachotumiwa kila siku, hata kikipimwa vizuri, kina upungufu wake. Matokeo yakionyesha uchafu, hatuwezi kujua kama umeingia kwa juu, kupitia kamba, ndoo na majani ya mwembe, au umekuja kwa chini kutoka kwenye mwamba. Tofauti hii ni kubwa. Uchafu wa juu hutibiwa kwa kifuniko na pampu. Uchafu wa chini unahusu mtaa mzima. Kwa sababu hiyo wataalamu huchimba visima vyembamba vya uchunguzi, ambavyo havichotwi maji ya matumizi na havina kazi nyingine ila kutoa habari.

Kisima cha namna hiyo ni bomba la plastiki lenye upana wa kama inchi 2. Sehemu yake ya chini, iliyo ndani ya maji, ina nyufa nyembamba za kupitisha maji. Kuizunguka sehemu hiyo hutiwa changarawe safi. Juu ya changarawe hutiwa udongo mzito wa mfinyanzi unaovimba ukilowa, kisha saruji hadi juu, ili maji ya barabarani yasiteremke kando ya bomba. Mwisho hufunikwa na kutiwa kufuli. Kikishakamilika, huvutwa maji mpaka tope la uchimbaji liishe.

Siku ya kuchota, mpimaji huanza kwa kupima kina cha maji. Kisha huyaondoa yaliyokaa bombani, kwani maji yaliyotuama humo hayawakilishi ya mwambani. Desturi ni kuondoa mara 3 ya kiasi kilichomo: bomba la inchi 2 lenye mita 5 za maji lina takriban lita 10, kwa hivyo huondolewa kama lita 30. Wakati huo hupima joto, uchachu na chumvi, na vipimo hivyo vikitulia ndipo hukinga sampuli. Na kisima kimoja hakitoshi. Vinahitajika 3 walau, vilivyokaa kama pembetatu, ili kulinganisha kina chake na kujua maji yanaelekea wapi. Hapo ndipo inapobainika shimo lipi linaelekea kisima kipi.

Tunatahadharisha kwamba kazi hii si ya fundi yeyote mwenye mtarimbo. Tundu lililochimbwa bila kuzibwa vizuri ni mfereji wa kuuteremsha uchafu moja kwa moja mpaka kwenye maji. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imeyaweka maji ya ardhini chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, nao ndio wenye kutoa vibali. Katiba yetu, katika kifungu cha 43, imemhakikishia kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Basi wazee wa mitaa na maimamu wakiandika barua moja kwa Mamlaka hiyo na kwa serikali ya kaunti, kuomba visima vya uchunguzi hapa kisiwani na matokeo yake yatangazwe, watakuwa wanadai haki yao.

Tunajua wako wanaoogopa. Mwanakamati husema moyoni: tukipima, tukaambiwa kisima ni kibovu, kitafungwa, watu watakosa maji, na marehemu aliyekiweka wakfu atakatikiwa na thawabu zake. Hofu hii inatoka katika nia njema, lakini haina msingi. Kisima kilichoonekana kina bakteria hakilazimiki kufungwa. Maji yake yanaweza kutumika kwa kusafishia na kumwagilia, na kwa udhu maadamu hayajageuka, japokuwa tunashauri yatiwe klorini kwanza kwa kuwa watu husukutua na kupandisha maji puani. Kinachozuiwa ni kunywa na kupikia bila kuyatibu. Ama kujua kwamba maji yana madhara kisha kuyaficha, hilo sharia yetu haikuliruhusu hata kwa muuza nguo mwenye doa. Vipi kwa anayenywesha watu?

Wala wanazuoni hawakuliacha suala la kisima na shimo bila hukumu. Kisima kina harimu yake, yaani eneo linalokizunguka ambalo haifai mtu mwingine kulichimba. Katika Majalla, mkusanyiko wa sheria uliotungwa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, harimu hiyo ni dhiraa 40 kila upande, kama mita 18 hadi 20 hivi. Na imewekwa humo pia kwamba jirani akichimba shimo la majitaka likaharibu maji ya kisima cha mwenzake, madhara hayo lazima yaondolewe, na yasipoweza kuondolewa, shimo lizibwe. Msingi wake ni kanuni tunayoijua sote, ya kutodhuru wala kulipizana madhara. Katika Mji wa Kale dhiraa 40 hazipatikani tena, na katika matumbawe yenye mianya hata umbali huo si dhamana. Hivyo badala ya kugombana na jirani kwa dhana, tupime, tujue, kisha tukae pamoja tukiwa na ushahidi mkononi.

Tunayoomba kwa wiki hii ni machache. Kila nyumba na kila msikiti wenye kisima ukiweke kifuniko na utenge kamba na ndoo moja isiyogusa sakafu. Kamati zichangishe gharama ya kipimo cha bakteria na naitreti, kifanywe na mtu aliyefundishwa, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa msikiti, yawe mazuri au mabaya, ili akina mama wayasome. Na mpaka hapo yatakapojulikana, maji ya kisima yasikorogewe maziwa ya mtoto mchanga, hata yakiwa yamechemshwa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotuchimbia visima hivi, atulindie watoto wetu, na atujaalie tuwe wenye kuitunza amana waliyotuachia. Wabillahi tawfiq.